Tumbili shambani, mkojo darini, kuku wanaouawa usiku: jibu kwa mwalimu wa Kibosho

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Kibosho, wilaya ya Moshi. Anaandika: "Baada ya kustaafu nimerudi kuishi kwenye kihamba (shamba la nyumbani la ukoo) cha marehemu baba yangu, na mambo matatu yananinyima raha. La kwanza, tumbili wanapanda kutoka korongoni na kula ndizi, parachichi na mahindi yangu machache, na juzi mmoja alimnyang'anya mjukuu wangu kiazi mkononi. La pili, kuna kitu kinatembea darini usiku, na silingi bodi ya chumba cha wageni imeloa mkojo kwenye kona moja hadi nyumba nzima inanuka. La tatu, ndani ya mwezi mmoja kuku wangu wanne wameuawa usiku, na wawili kati yao niliwakuta bandani wameliwa kichwa na shingo tu. Jirani mmoja ananishauri nipake sumu ya wadudu kwenye utumbo wa mbuzi na kuuacha nyuma ya banda. Mwingine yuko tayari kunitegea vitanzi vya waya. Nifanye lipi, na sheria inasemaje?"

Mwalimu, shikamoo. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: tafadhali usiweke sumu, na kama utumbo huo umekwisha kuandaliwa, ufukie leo hii shimoni, mbali na maji na mahali ambapo mbwa hawezi kufukua. Sumu za wadudu zinazotumiwa kwa kazi hii, hasa za aina ya karbofurani, hushambulia mishipa ya fahamu. Mnyama hutokwa na mate, hutetemeka, kisha misuli inayomwezesha kupumua inashindwa kazi. Hazichagui anayekula. Wa kwanza kuufikia utumbo huo atakuwa mbwa wa jirani yako, si yule unayemkusudia, na mzoga wa mbwa huyo utaliwa na mwewe na kunguru, nao watakufa vilevile. Kuku wako wanaodonoa nyuma ya banda wataokota mabaki, nawe utawachinja bila kujua. Isitoshe, vihamba vingi vya Kibosho hupitiwa na mifereji, na kinachomwagika kwako kinafika kwa watu walio chini yako, ambao huchota maji hayo kumwagilia mboga na kunywesha mifugo. Mjukuu anayetembea na kiazi mkononi ana umri wa kuokota chochote anachokiona chini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imekataza kutumia sumu dhidi ya wanyamapori, na vitanzi vya waya vimo katika katazo hilohilo. Majirani zako wanakutakia mema, lakini ushauri wao ungekuingiza mashakani na kuacha matatizo yako yote matatu pale pale yalipo.

Nasema yangebaki pale pale kwa sababu mnyama anayekusumbua amefuata chakula na nafasi iliyo wazi. Ukimwua yeye, chakula kipo na nafasi ipo, na mwingine wa jamii yake aliye korongoni atazijaza baada ya muda mfupi. Kwa tumbili hili liko wazi zaidi, kwa kuwa majike hubaki katika kundi walilozaliwa maisha yao yote, na madume ndio wanaohama kutoka kundi hadi kundi. Ukiliondoa dume moja sumbufu, kundi linabaki na majike wanaokijua kihamba chako vizuri, wanaojua mti gani umekomaza na saa ngapi hakuna mtu, na dume jingine litakuja. Kumkamata mnyama na kwenda kumwachia mahali pengine kuna kasoro hiyohiyo, tena kunahitaji kibali, na kunampelekea mwenzako tatizo lako. Kwa hiyo karibu yote nitakayokueleza yanahusu kufunga nafasi na kuondoa chakula. Ni kazi ya nyundo, mbao na wavu, na inachosha, lakini ndiyo inayodumu.

Sasa tuwatambue wageni wako. Kwa maelezo uliyoyatoa, ninaamini kwamba anayeishi darini na anayeua kuku ni mmoja, naye ni kanu. Ni mnyama mwembamba mwenye ukubwa wa paka mdogo, mwenye madoadoa ubavuni, mkia mrefu wenye pete nyeusi na nyeupe, na uso uliochongoka. Hutoka usiku, hupanda miti na kuta kwa wepesi mkubwa, na hupita kwenye tundu lolote linaloweza kupitisha kichwa chake. Mambo mawili yananielekeza kwake. Kanu ana desturi ya kujisaidia mahali pamoja siku zote, na ndiyo sababu silingi bodi yako imeloa kwenye kona moja badala ya kuchafuka huku na huku. Pili, akiingia bandani huuma kichwa au shingo, hula sehemu hiyo na labda kidari, na kuacha sehemu kubwa ya mwili akiwa hana nguvu ya kuubeba kupitia tundu aliloingilia.

Hata hivyo usikubali neno langu kabla ya kuthibitisha mwenyewe. Panda darini mchana ukiwa na tochi, barakoa na glavu, ukanyage juu ya mbao za kenchi na si juu ya silingi bodi, kisha utazame kinyesi. Cha kanu ni kirefu, kimesokotwa, kina manyoya ya panya, mbegu za matunda na wakati mwingine vipande vya magamba ya wadudu, na kimerundikana. Ukikuta punje ndogo nyingi zinazofanana na za panya, chukua moja uibonyeze kwa kijiti: ikivunjika kuwa unga unaometameta ni ya popo, kwa sababu imejaa mabawa ya wadudu yaliyosagwa, na ikiwa ngumu ni ya panya. Ukikuta vidonge vikubwa vyeusi vya manyoya na mifupa midogo, visivyo na umbo la kinyesi, umempata bundi, ambaye humeza panya mzima na kutapika kisichosagika. Najua wapo watu huku kwetu wanaomwogopa bundi na kumhusisha na uchawi. Nakuomba kwa dhati, ukimkuta yeye usimguse, kwani hakuna atakayekuondolea panya wa ghala kwa bidii kama yake, na hana habari na kuku wako wakubwa.

Yuko pia komba, mwenye macho makubwa, ambaye kilio chake usiku huwafanya wageni wadhani mtoto amepotea msituni. Komba hukojolea viganja na nyayo zake kisha hutembea, hivyo alama zake utaziona zimetapakaa kwenye mbao na ukutani, si kwenye kona moja. Perere nao, jamaa wa pimbi wanaoishi mitini, wanapiga kelele sana usiku katika misitu ya Mlima Kilimanjaro, lakini makao yao ni kwenye mashimo ya miti mikubwa, na ni nadra kuhamia darini.

Kwa upande wa bandani, kuna wengine wa kuwaondoa katika hesabu. Nguchiro wengi hutembea mchana na hupenda mayai na vifaranga. Mwewe huja mchana na kuacha manyoya yaliyonyofolewa. Mbwa anayezurura huua kuku kadhaa kwa mara moja na kuwatawanya uani. Nyegere hubomoa: ukikuta mbao za banda zimeng'olewa na ardhi imefukuliwa, ni yeye. Chui bado wamo katika msitu ulio juu yenu, lakini chui hujihusisha zaidi na mbwa na mbuzi. Endapo siku moja utaona nyayo kubwa za mviringo zisizo na alama za kucha, usizifuate. Wafungie mifugo na watoto, kisha upige simu kwa wahusika.

Anza na banda, na ulianze wiki hii, kabla ya dari. Mpangilio huu una sababu. Kanu aliyezuiwa darini huku banda likiwa wazi atahamia mti wa jirani na kuendelea kula kwako, lakini aliyekosa kuku kwa siku kadhaa huanza kutembelea mbali zaidi, na kumfungia dari kunakuwa rahisi. Wavu mwepesi wa kuku unaouzwa kwa roli unatosha kuwazuia kuku wasitoke, lakini hautoshi kumzuia mnyama asiingie. Hukunjika, huoza kwa mvua za huku, na matundu yake ni makubwa. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi, uupigilie kwa ndani ya fremu ili ukisukumwa kutoka nje uegemee mbao badala ya kuning'inia kwenye misumari. Uendelee chini ya ardhi kiasi cha sentimita 30, au kama ardhi yako ina mawe, uutandaze kwa nje kama upindo na kuufukia kidogo, kwa sababu mnyama anayechimba huanzia mguuni pa ukuta. Usisahau paa: nimeona mabanda mengi yaliyojengwa kwa uangalifu pande zote nne na kuachwa na mwanya wa kiganja kati ya ukuta na bati, eti kwa ajili ya hewa. Mwanya huo ubaki, lakini uzibwe kwa wavu uleule. Mlango uwe na komeo linalobana, na kuku wafungiwe kabla giza halijaingia.

Ukishamaliza, ndipo ugeukie dari. Zunguka nyumba mchana na utazame fisha bodi, pembe za paa, mahali bati linapokutana na ukuta, na matundu ya hewa. Njia anayopitia kanu haijifichi: ukuta wa chini yake una michirizi ya uchafu na mafuta ya mwili, na ncha za mbao zimelainika kwa kupitiwa. Ukipata tundu unalolishuku, nyunyiza majivu laini ya jikoni kwenye kizingiti chake jioni. Asubuhi utaona nyayo, ndogo na za mviringo kama za paka. Ziba matundu mengine yote kwanza kwa mbao au wavu, ukiacha hilo moja. Siku inayofuata nyunyiza majivu tena, kaa uani kimya bila taa, na umsubiri. Akitoka, na nyayo zikaonyesha kwamba ametoka na hakuna aliyerudi, panda ngazi ulifunge hapohapo. Usikubali fundi alifunge mchana kwa sababu tu hajasikia kitu, kwani mchana ndipo mwenyewe amelala ndani, na mzoga unaooza juu ya silingi ni balaa kubwa kuliko mkojo.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kupiga msumari wa mwisho, nalo ni watoto. Kanu huzaa watoto wawili hadi wanne, na huwaficha mahali pakavu penye giza, mahali kama dari lako. Ukisikia sauti nyembamba za kulia mchana, au ukamwona mama akirudi mara kwa mara usiku, subiri. Baada ya wiki kadhaa watoto watatoka wakimfuata mama yao, na hapo utafunga bila kumwua mnyama yeyote. Kufunga mapema kunawaacha watoto wafe kwa njaa juu ya kitanda cha mgeni wako, na mama atang'oa bati akijaribu kuwafikia. Ikiwa ukaguzi wako utaonyesha popo badala ya kanu, kanuni ni ileile: popo hutoka jioni giza likiingia, na wavu mwepesi ulioning'inizwa juu ya tundu, ukiwa umefungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini, utawaruhusu kuteremka na kutoka lakini hawatajua njia ya kurudi. Usifanye hivyo wakati kuna watoto wa popo ambao bado hawajui kuruka.

Kinyesi usikifagie kikavu, hasa cha popo, kwa kuwa kuvu wanaoota humo huingia mapafuni pamoja na vumbi. Kilowanishe kwa maji yenye sabuni au dawa ya klorini, ukizoe kwa koleo, ukifukie. Silingi bodi iliyoloa mkojo itoe kabisa uweke nyingine. Harufu inayobaki kwenye mbao ndiyo inayomwambia mnyama mwingine kwamba hapa paliwahi kukaliwa, na rangi mpya peke yake haiifuti.

Sasa tumbili, ambao ni kazi ngumu zaidi kuliko kanu. Kwanza hakikisha kwamba ni tumbili. Mwenye manyoya ya kijivu na uso mweusi uliozungukwa na weupe, anayepanda kutoka kwenye miti ya korongo, ni tumbili. Aliye mzito na mweusi zaidi, anayekaa kwenye miti yenye kivuli karibu na msitu, ni kima, naye pia atakula mahindi na matunda. Mwenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkia wenye kishungi ni mbega, na huyo nakuomba umwache. Chakula chake kikubwa ni majani, na tumbo lake lina vyumba vinavyoyachachusha kwa namna inayokaribia ya ng'ombe. Anasingiziwa mara nyingi kwa hasara iliyofanywa na wenzake kwa kuwa tu anaonekana kwa urahisi mtini.

Tumbili ni mwangalifu kuliko tunavyomdhania. Watafiti waliowachunguza huko Amboseli nchini Kenya, upande wa pili wa mlima huu, walionyesha kwamba tumbili wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka, na kila mlio hupokelewa kivyake: wa chui huwapandisha mtini, wa tai huwafanya watazame juu, wa nyoka huwasimamisha wakikagua majani. Mnyama anayetofautisha hatari kwa kiwango hicho hatadanganywa na sanamu ya nguo kuukuu kwa zaidi ya siku chache. Atajua pia kama mlinzi ni mtu mzima mwenye kombeo au ni mtoto. Ndiyo sababu nasisitiza chakula kuliko vitisho.

Ndizi zikate mkungu ukiwa umekomaa na kabla haujaiva, uziivishe ndani penye mlango, pamoja na zile za kupikia pombe ya mbege. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa mtini na kuiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo huna sababu ya kuliacha likining'inia kwa wiki nyingi likingoja mnunuzi, na yaliyoanguka yaokotwe kila siku. Maganda na mabaki ya jikoni yaingie shimo la mboji lenye kifuniko kizito. Matawi ya mgrevilea yanayofika juu ya bati yakatwe ili kati ya mti na paa ubaki mwanya wa mita tatu au zaidi, na kazi hiyo itakusaidia pia dhidi ya kanu. Mahindi yahamishe kutoka ukingo wa korongo, uyalete karibu na nyumba, na ukingoni upande magimbi, tangawizi au pilipili, ambazo tumbili hawazikimbilii. Kati ya mimea hiyo na miti uache ukanda uliofyekwa, kwa kuwa tumbili huchukia kuvuka mahali peupe wakiwa wameshika chakula.

Mbwa mzuri anayefungwa mchana na kuachiwa alfajiri anasaidia sana, mradi achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Ulinzi wa mtu uelekeze kwenye saa ambazo wanakula zaidi, yaani asubuhi mapema na jioni kabla ya jua kuzama, na kwa mahindi uzidishe pale punje zinapoanza kuwa na maziwa.

Kuhusu mjukuu, hapo usilegeze hata kidogo. Tumbili anayempokonya mtoto chakula kwa kawaida amewahi kulishwa na mtu, labda mgeni aliyemtupia ndizi ili ampige picha. Mtoto asile akitembea uani kwa sasa, na afundishwe kuachia chakula na kurudi nyuma polepole bila kukimbia wala kumkodolea macho. Akiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote, iwe tumbili, kanu au mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, usikifunge kwa majani wala mafuta, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakitibiki, na kidonda kidogo hakina maana ya hatari ndogo.

Kuhusu sheria, wanyamapori wote nchini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, hata wale walio ndani ya kihamba chako. Sheria inamruhusu mtu kumwua mnyama anapolazimika kutetea maisha au mali, lakini ni pale pasipo njia nyingine, na tukio lazima liripotiwe mara moja, wakati ngozi na viungo vyake vinabaki nyara za Serikali. Kumtegea kanu anayeweza kuzuiwa kwa wavu hakuingii hapo. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zimewekwa kwa ajili ya madhara ya wanyama wakali kama tembo, simba, chui na kiboko. Usipange bajeti yako kwa kutegemea malipo kwa ndizi zilizoliwa na tumbili. Hata hivyo toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa wanyamapori wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Tangu 2005 msitu ulio juu yenu umeunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo askari wa TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) nao wanahusika pale mnyama anaposhuka kutoka msituni, na Chuo cha Wanyamapori cha Mweka kiko jirani yako. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mnyama uliyemwona, idadi yake na hasara. Afisa akipata daftari la miezi miwili lenye maelezo hayo atakuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Peleka daftari hilohilo kwenye mkutano wa kitongoji. Ukiokota parachichi zako zote huku kihamba cha pili kikiwa na ndizi mbivu zinazoning'inia na jalala lililo wazi, tumbili wataendelea kuja, na wakija kwake watapita kwako. Mkubaliane kuvuna mapema, kufunika mashimo ya taka, kutowalisha, na kugawana zamu za alfajiri katika zile wiki tatu au nne ambazo mahindi ni mabichi, ili mstaafu mmoja asibebe ulinzi wa bonde zima.